Ugonjwa Usiopigiwa Mbiu

Ubongo wa mwanadamu haukuwekwa mahali pakavu. Huelea ndani ya fuvu katika maji maangavu, na maji hayo huteremka mpaka kiunoni yakiuzunguka uti wa mgongo. Mtu mzima ana maji haya kiasi cha mililita 150, yapata kikombe kimoja cha chai, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kuyanyonya yaliyotangulia, hata yakawa mapya siku zote. Domenico Cotugno, tabibu wa Napoli, aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1764. Hata hivyo, zaidi ya miaka mia ilipita kabla haijapatikana njia ya salama ya kuyachota katika mwili wa mtu aliye hai. Njia hiyo aliionyesha Heinrich Quincke wa mji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1891, alipopenyeza sindano ndefu kati ya pingili za mgongo, chini kabisa, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha koma na hapana tena ila maji na nyuzi za mishipa ya fahamu.

Tangu siku hiyo matabibu wakawa na dirisha la kuuchungulia ubongo bila ya kulivunja fuvu. Mgonjwa hulazwa ubavu, magoti yakafikishwa kifuani na kidevu kikainamishwa, sindano ikaingia, matone yakakingwa katika kichupa. Waswahili husema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na maji haya ndiyo mbiu ya ubongo. Katika mtu mwenye afya huwa hayana rangi wala uchafu, na katika tone la ukubwa wa milimita moja kila upande hazizidi chembe nyeupe 5 za damu. Lakini adui akiingia, kama katika homa ya uti wa mgongo iletwayo na bakteria, chembe hizo, ambazo ndizo askari wa mwili, hukimbilia huko kwa mamia na maelfu, na maji yakafanana na yale yaliyooshewa mchele. Tabibu mzoefu huitambua habari hiyo kwa macho tu, kabla kichupa hakijafika maabara.

Afrika ya Mashariki ina mahali pake katika historia ya maji haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwaua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda na kandokando ya Ziwa Victoria. Serikali ya Uingereza ilipeleka tume ya matabibu Entebbe mwaka 1902, na mmoja wao, kijana wa Kiitalia aitwaye Aldo Castellani, akayachota maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, akayatazama kwa hadubini, akaona vijidudu vyenye mkia vikijinyonganyonga ndani yake. David Bruce aliyefika mwaka 1903 akaiendeleza kazi hiyo na kuonyesha ya kuwa mbung'o ndiye mchukuzi wa vijidudu hivyo. Baadaye watu hao wawili waligombea sifa ya uvumbuzi hata magazetini, ugomvi ambao haukumponya mgonjwa hata mmoja. Lakini kazi yao ilibaki. Kwa karibu miaka mia baada yake, mgonjwa wa malale alihesabiwa chembe nyeupe za maji ya mgongo kwanza. Zikizidi 5, ilijulikana kuwa ugonjwa umekwisha vuka kutoka katika damu na kuingia katika ubongo, na dawa ikabadilishwa.

Kwa mafunzo ya namna hii utabibu ulijijengea kanuni: ugonjwa wa kuambukiza ukiingia katika ubongo, maji yatasema. Basi, maji yasiposema, hapana ambukizo. Sehemu ya kwanza ya kanuni hiyo ilikuwa kweli mara nyingi. Sehemu ya pili iliwapoteza njia watu wenye elimu kubwa, na habari ya kupotea kwao ndiyo nitakayoieleza.

Katika nyanda za juu za mashariki za kisiwa cha New Guinea, katika nchi iitwayo leo Papua Guinea Mpya, wanakaa watu waitwao Wafore. Katika miaka ya 1950 nchi yao ilikuwa chini ya utawala wa Australia, na Wafore walikuwa wakifa kwa ugonjwa waliouita kuru, maana yake kutetemeka. Mgonjwa huanza kwa kuyumba anapotembea. Kisha kichwa na mikono hutetemeka, kisha hawezi kusimama, kisha hawezi kuketi, na mwisho hawezi kumeza. Aghalabu mwaka haukumalizika kabla ya mauti. Wengine walishikwa na kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake, na magazeti ya kigeni yakakitumia kicheko hicho kuupa ugonjwa jina la mzaha, jambo la aibu kwa watu waliokuwa wakizika. Wakati ugonjwa ulipofikia upeo wake watu wapatao 200 walikufa kwa mwaka. Walio wengi walikuwa wanawake na watoto, hata viko vijiji ambavyo wanaume waliwazidi wanawake kwa mbali, na akina baba wakabaki na watoto wachanga wasiokuwa na wa kuwanyonyesha.

Wafore wenyewe walisema ni uchawi. Mtu aliyeshukiwa kuwa mchawi aliweza kuuawa na jamaa za marehemu, na kwa njia hiyo kuru iliwaua hata watu ambao haikuwagusa miili.

Mwaka 1957 matabibu wawili, Vincent Zigas aliyekuwa katika kazi ya serikali huko, na Carleton Gajdusek kutoka Marekani, walianza kuuchunguza ugonjwa huo mahali paitwapo Okapa. Walifanya kazi katika vibanda vya miti na majani, wakipima damu na mkojo, wakijaribu dawa za kuua bakteria na dawa nyingine nyingi, na yote yakawa bure. Walichota pia maji ya uti wa mgongo. Hapo ndipo walipokutana na jambo la ajabu. Mgonjwa alikuwa akifa mbele ya macho yao kwa maradhi ya ubongo, naye hana homa, na maji ya mgongo wake ni maangavu na chembe zake ni za kawaida kama za mtu aliye mzima. Katika maelezo yao waliyoyachapisha mwaka ule ule, jambo hilo walilitaja kuwa ni moja ya alama za kuru: hapakuwa na dalili yoyote ya mwili kupigana na adui.

Kwa kufuata ile kanuni, ambukizo likawekwa kando. Alikuwako mtaalamu wa mila aliyedhani kuwa ni hofu ya uchawi iliyogeuka ugonjwa wa mwili. Wengine waliitafuta sumu katika vyakula na udongo wa nchi ile. Wengine, na hawa ndio waliokuwa na nguvu kwa miaka kadhaa, walisema ni urithi wa damu. Henry Bennett wa Chuo Kikuu cha Adelaide alitunga hesabu ya kueleza jinsi jeni moja iwezavyo kuwaua wanawake wengi na wanaume wachache. Hesabu hiyo haikukaa vitabuni tu. Kama ugonjwa umo katika damu ya kabila, basi ni hatari kabila hilo kuchanganyika na mengine, na shauri likazuka la kuwazuia Wafore wasitoke katika nchi yao. Tazama basi jinsi matone machache ya maji yasiyosema kitu yalivyokaribia kuwafanya watu wote wa kabila moja kuwa wafungwa.

Aliyeufungua mlango uliofungwa hakuwa tabibu wa watu, alikuwa wa wanyama. William Hadlow, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alikwenda mwaka 1959 kutazama maonyesho ya kuru yaliyowekwa London, akaona picha za ubongo wa mgonjwa uliojaa matundu madogo kama sifongo. Alipata kuyaona matundu hayo kabla ya siku hiyo. Yalikuwa katika ubongo wa kondoo wenye ugonjwa uitwao skrepi, ambao wafugaji wa Ulaya waliujua tangu karne ya 18: kondoo hujikuna katika miti na nyua mpaka sufu ikanyonyoka, kisha huyumba, kisha hufa. Na skrepi ilikuwa imekwisha julikana kuwa yaambukizwa. Wafaransa wawili, Cuillé na Chelle, walionyesha hivyo mwaka 1936 kwa kumdunga kondoo mzima mchuzi wa ubongo na uti wa mgongo wa kondoo mgonjwa, wakangoja mwaka na zaidi. Miaka hiyo hiyo ya 1930, katika Uingereza, fungu moja la chanjo ya ugonjwa mwingine, kiasi cha dozi 18,000, lilitengenezwa kwa ubongo wa wana-kondoo ambao baadhi yao, pasipo mtu kujua, walikuwa na skrepi. Chanjo ilitiwa formalini, dawa inayoua virusi vyote vilivyojulikana siku zile. Kondoo waliodungwa wakapatwa na skrepi vivyo hivyo.

Hadlow akaandika barua fupi katika jarida la matabibu la The Lancet, akashauri kuru ijaribiwe kwa nyani mkubwa na watu wawe na subira ya miaka. Shauri hilo lilifuatwa. Mwaka 1963 sokwe walidungwa ubongo wa wagonjwa waliokufa kwa kuru. Mwaka 1965 sokwe wakaanza kuyumba, na habari zikatangazwa mwaka 1966. Ugonjwa wa Creutzfeldt na Jakob, uliopewa majina ya matabibu wawili wa Kijerumani walioueleza mwaka 1920 na 1921, na ambao humpata mtu mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka duniani kote, ukahamishiwa sokwe kwa njia ile ile mwaka 1968. Kumbe ni ambukizo. Ambukizo bila homa, bila chembe nyeupe, bila mbiu.

Njia lililopita kwa Wafore ilikwisha elezwa na wazee wa Wafore wenyewe, walipoketi na wanaelimu wa mila Shirley Lindenbaum na Robert Glasse katika miaka ya 1961 mpaka 1963. Ilikuwa ni desturi ya maziko. Jamaa walimla maiti wao, kwa mapenzi na heshima, wasimwache aliwe na funza ardhini. Wanawake na watoto ndio waliopata ubongo, na wanaume wengi hawakushiriki. Msomaji asifanye haraka ya kucheka. Wazungu waliokuwa wakishangaa habari hizi walikuwa karibu kuwalisha ng'ombe wao unga wa mifupa na nyama za ng'ombe wenzao, kwa sababu ya faida, si kwa sababu ya mapenzi. Desturi ile ilikoma katika Wafore mwishoni mwa miaka ya 1950, na watoto waliozaliwa baadaye hawakupatwa na kuru. Lakini waliokwisha kula waliendelea kuugua mmoja mmoja, wengine baada ya miaka zaidi ya 40, mpaka mwanzo wa karne hii.

Likabaki swali: ni adui gani awezaye kuishi katika ubongo miaka 40 asionwe na askari wa mwili? Tikvah Alper, mwanamke wa Afrika ya Kusini aliyeihama nchi yake mwaka 1951 kwa kuupinga ubaguzi wa rangi, aliupiga mchuzi wa skrepi kwa mionzi katika Hospitali ya Hammersmith, London. Mionzi ambayo ingeviangamiza virusi na bakteria haikuudhuru. Mwaka 1966 na 1967 alitangaza ya kuwa kitu hicho ni kidogo mno, na kwamba yaelekea hakina zile asidi za urithi ambazo kila kilicho hai huzitumia kwa kuzaana. John Griffith, mwanahesabu, akasema mwaka 1967 kwamba kwa hesabu yaweza kuwa protini tupu. Wengi waliyapuuza maneno hayo.

Mwaka 1972, katika hospitali moja ya San Francisco, tabibu kijana jina lake Stanley Prusiner alipewa mgonjwa wa Creutzfeldt na Jakob. Yeye mwenyewe ameeleza baadaye kuwa kilichomshika moyo ni kuambiwa ya kwamba mwanamke huyo anakufa kwa ambukizo, na mwili wake haukulijibu ambukizo hilo kwa lolote. Alitumia miaka 10 kuitafuta sababu. Mwaka 1982 akatoa jina prioni, kwa maana ya protini inayoambukiza, na akatukanwa sana na wenzake kabla ya kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Sababu ya ukimya ikaonekana pale protini yenyewe ilipochunguzwa. Haikutoka nje. Jeni yake imo katika kila mmoja wetu, na protini hiyo imo katika ubongo wa kila mtu aliye mzima. Tofauti yake na ile ya ugonjwa ni mikunjo. Chukua kanga mbili za jora moja, nyuzi zile zile na rangi zile zile, moja imekunjwa vizuri na nyingine imesokotwa fundo. Sasa fikiria kwamba kila kanga nzuri inayogusana na lile fundo nayo husokotwa fundo. Hivyo ndivyo prioni inavyoenea. Bawabu wa mlango amefundishwa kuwakamata wageni, naye kila akimtazama huyu humwona kuwa ni mtoto wa nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 1993 wanaelimu wa Zurich walionyesha ya kuwa panya waliozaliwa bila jeni hiyo hawapati skrepi hata wakidungwa, kwani hamna ndani yao kitu cha kusokotwa. Lililo zito zaidi lilitoka Zurich huko huko mwaka 1997: prioni inayoingia kwa njia ya nje ya ubongo huhitaji chembe fulani za kinga ya mwili, zile zinazotengeneza kingamwili, ili iweze kusafiri. Adui hakupita tu mbele ya kambi ya askari bila kujulikana; alipewa malazi katika wengu na matezi, akaongezeka humo, ndipo akapanda kichwani.

Je, ubongo ulikuwa kimya kweli? Hapa historia inageuka, na pengine ndipo inapopendeza zaidi. Ukimya aliousikia Gajdusek ulikuwa ni ukimya wa kipimo alichokuwa nacho, yaani kuhesabu chembe kwa hadubini. Ubongo una walinzi wake wa ndani, chembe ndogo ziitwazo mikroglia, zilizotambulishwa na Pío del Río-Hortega wa Hispania mwaka 1919. Katika ubongo wa mgonjwa wa prioni mikroglia huonekana zimevimba na kuongezeka. Hazipigi mbiu ya kuwaita askari wa damu, lakini hunong'onezana, na minong'ono hiyo ni kemikali zinazovuja kidogo kidogo na kuingia katika maji ya uti wa mgongo. Kuisikia kulihitaji vipimo vipya, vile vinavyotumia kingamwili kunasa kitu kilicho kichache mno, ambavyo vilibuniwa Stockholm mwaka 1971 na kusambaa baadaye.

Mwaka 2000 watafiti wa Roma walitoa habari kwamba maji ya mgongo ya wagonjwa wa Creutzfeldt na Jakob yana prostaglandini E2 nyingi kuliko kawaida. Ni kemikali ile ile inayotuletea maumivu na homa tukijeruhiwa. Mwaka 2005 wenzao wa Göttingen, Ujerumani, walikuta intaleukini 4 na intaleukini 10 zimepanda. Hizi mbili ni katika saitokini, yaani tarishi wa kinga ya mwili, lakini ni tarishi wa namna ya pekee: kazi yao kubwa ni kutuliza. Ni kana kwamba walinzi wameamka, wameona nyumba inaharibika, nao wanaambizana wasifanye ghasia. Baadaye ziliongezwa protini nyingine zinazotokana na mikroglia na jirani zake, kama YKL-40 na sehemu ya TREM2 inayomumunyika majini. Zote hupanda. Kwa bahati mbaya hupanda katika maradhi mengine ya ubongo pia, basi peke yake hazitoshi kumwambia tabibu jina la ugonjwa.

Tena wanaelimu hawajapatana kama walinzi hao wanasaidia au wanadhuru. Majaribio ya mwaka 2013 yaliyozuia mikroglia zisiongezeke yaliwafanya panya wenye prioni waishi muda mrefu zaidi. Majaribio mengine ya mwaka 2016 na 2018, yaliyoziondoa mikroglia zenyewe, yaliwafanya panya wafe upesi. Mimi naona ya kuwa pande zote mbili huenda zimesema kweli, kwani mlinzi mmoja huweza kuwa mwema mwanzoni mwa usiku na mwenye kuchoka alfajiri. Lakini hilo ni la kuamuliwa na maabara.

Mtu aweza kuuliza kuna faida gani kuyapima haya yote, ikiwa ugonjwa hauna dawa. Jibu limo katika hesabu iliyotolewa mwaka 2011 na kituo cha Marekani kilichoko Cleveland, Ohio, kinachochunguza ubongo wa watu waliokufa wakidhaniwa kuwa na ugonjwa wa prioni. Walitazama bongo 1,106. Katika hizo, 352 hazikuwa na prioni. Na miongoni mwa hizo, 71 zilikuwa na maradhi yaliyoweza kutibiwa: uvimbe, maambukizo ya kawaida, na katika 26 yalikuwa ni maradhi ya kinga ya mwili iliyoushambulia ubongo wake yenyewe, maradhi ambayo mara nyingi hurudi nyuma mgonjwa akipewa dawa za kuituliza kinga hiyo. Watu hao walisahau majina ya jamaa zao, wakayumba, wakatetemeka, kama wagonjwa wa prioni. Walioitwa kuwaaga waliitwa mapema mno.

Kwa hiyo ule ukimya uliowapoteza matabibu wa Okapa umekuwa wenyewe ni alama. Leo tabibu anayemwona mgonjwa ameharibika akili katika majuma machache huchota maji ya mgongo kwanza kabisa. Akikuta chembe nyeupe nyingi au kingamwili zinazoushambulia ubongo, hasemi prioni; huanza kutibu siku hiyo hiyo. Akikuta maji matulivu, hapo ndipo moyo wake unapokuwa mzito. Si kanuni isiyovunjika, kwani maradhi mengine ya kinga ya mwili nayo huyaacha maji karibu kama yalivyo, ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi.

Vipimo vya kuitambua prioni yenyewe vilikuja polepole. Mwaka 1986 zilionekana protini mbili za ajabu katika maji ya mgongo ya wagonjwa, na mwaka 1996 zikatambuliwa kuwa ni za jamii iitwayo 14-3-3, jina lililotokana na nafasi yake katika vipimo vya maabara. Ziko ndani ya chembe za ubongo siku zote na humwagika chembe hizo zinapokufa kwa wingi. Ulikuwa mwaka wa fadhaa. Mnamo tarehe 20 Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri katika Bunge kuwa vijana kadhaa yaelekea wamepatwa na ugonjwa wa prioni uliotokana na ng'ombe, wale ng'ombe waliolishwa unga wa wenzao na ambao zaidi ya 180,000 kati yao walithibitishwa kuugua. Watu 178 wa nchi hiyo wamekufa kwa namna hiyo ya ugonjwa. Lakini 14-3-3 ilikuwa shahidi dhaifu, kwani kiharusi na virusi vya ubongo navyo huimwaga, na katika karibu nusu ya vijana wale haikuonekana.

Kipimo kilichofuata kiliutumia ujanja wa prioni dhidi yake. Tone la maji ya mgongo hutiwa katika protini nzima iliyotengenezwa maabara pamoja na rangi inayong'aa, vikatikiswa na kupumzishwa, vikatikiswa na kupumzishwa, kwa siku mbili tatu. Likiwamo fundo hata moja, litazisokota nyingine, na rangi itawaka. Mwaka 2011 watafiti wa Japani, wakiwa na wenzao wa Australia, walionyesha kuwa kipimo hicho kiliwatambua wagonjwa zaidi ya 8 katika kila 10, na hakikumsingizia hata mmoja asiyekuwa na ugonjwa. Tangu hapo kimeboreshwa, nacho kinatumika katika nchi nyingi.

Limebaki jambo la kingamwili. Mwili haujitengenezei kingamwili dhidi ya protini yake, basi watafiti wa Chuo Kikuu cha London waliitengeneza wao, wakaiita PRN100. Kati ya Oktoba 2018 na Julai 2019 waliwapa wagonjwa 6 wa Creutzfeldt na Jakob kwa kuwadunga katika mshipa wa damu, na wakachota maji ya uti wa mgongo tena na tena ili kuona kama dawa imeuvuka ukuta unaoutenga ubongo na damu. Ilivuka, wala haikuwadhuru. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Wagonjwa wote 6 walikufa. Lakini katika 3 kati yao, siku zile ambazo kingamwili katika maji ya mgongo ilifikia kiasi kilichokusudiwa, kuharibika kwa hali yao kulionekana kusimama kwa muda.